Maisha ya Sewa Haji wa Bagamoyo, na Habari ya Nyumba Alizowaachia Wagonjwa

Sababu ya kuandikwa karatasi hizi ni mtu mmoja aliyenijia hapa Kambarage, katika mji wa Shinyanga, nikaapo na kufundisha watoto chuoni na wakubwa madrasani, ingawa asili yangu ni pwani kama ninyi msomao. Mtu huyu huchimba dhahabu upande wa Geita, na Mwenyezi Mungu amemfungulia. Akataka kujenga zahanati, thawabu zake zimwendee mama yake marehemu, akaja kunitaka shauri juu ya kiwanja na matofali. Nikamwuliza dawa za mwaka wa pili atazinunua nani, na mshahara wa mganga utatoka wapi. Akanyamaza. Basi nikamhadithia habari za Sewa Haji, nami nimeona ni vema ziandikwe, kwani wengi wetu hulijua jina hili kwa kuwa ni jina la wodi ya Muhimbili, wala hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka wa 1851. Wazee wake walitoka Kutch katika Bara Hindi, wakaja Unguja kufanya biashara, kisha duka lao likapata tawi Bagamoyo. Naye alikuwa Khoja wa Kiismaili. Madhehebu yake siyo yetu sisi Mashafii, wala si hapa pa kujadiliana hayo. Katika karatasi hizi twaitazama mali yake, ilikotoka na ilikokwenda.

Alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini alipoanza kusimamia biashara ya Bagamoyo. Na Bagamoyo ya siku zile ndiyo iliyokuwa mlango wa bara yote. Pembe za Unyamwezi, za Ujiji na za Manyema zilishukia pale, na kutoka pale zilipanda merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba na baruti. Sewa Haji aliwakopesha wasafiri bidhaa, nao wakarudi baada ya mwaka au miwili wakamlipa kwa pembe. Mzungu naye alipotaka kwenda bara alimwendea yeye, ampatie nguo za kulipia hongo njiani, na wapagazi wa kuzichukua.

Wala sitaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka wa 1871 Stanley alifika Bagamoyo kutengeneza safari yake ya kumtafuta Livingstone, na habari za kijana wa Kihindi aliyempatia wapagazi amezieleza katika kitabu chake kwa uchungu mwingi, ya kwamba alimpunja na kumzungusha mpaka akachoka. Kijana huyo ndiye Sewa Haji, naye umri wake ulikuwa kama miaka ishirini. Huenda Stanley alizidisha, maana alikuwa mtu wa hasira na kalamu kali. Lakini mfanyabiashara aliyetajirika Bagamoyo katika miaka ile hakutajirika kwa upole. Tena baruti aliyoiuza haikuwa ya kupigia kanga tu.

Na mali ile ilibebwa na nani? Ilibebwa na Wanyamwezi na Wasukuma, yaani mababu wa hawa ninaokaa nao leo. Mpagazi alitwikwa kama frasila mbili, akatembea miezi mitatu mpaka pwani. Ndui ilimkuta njiani, na tumbo la kuhara damu, na vidonda vya miguu. Mwenye kushindwa aliachwa, na safari ikaendelea, kwani msafara haukuweza kumngoja mtu mmoja. Na waliofika, wengi walifika Bagamoyo wagonjwa, hawana jamaa pale wala nauli ya kurudi. Sewa Haji aliwaona kila msimu mlangoni pa duka lake. Aliona pia kipindupindu kilichoingia Unguja na Mrima mwaka wa 1869 na 1870, ambacho wenye umri walikuwa wakihesabia miaka kwacho. Ndipo mimi niaminipo kwamba mtu huyu alijua maradhi ni hesabu ya biashara yake mwenyewe: faida imeandikwa katika daftari lake, na hasara imeandikwa katika miili ya wapagazi.

Vita vya Abushiri vikapigwa mwaka wa 1888 na 1889, Wadachi wakaishika nchi, na mwaka wa 1891 wakahamisha makao ya serikali kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Sewa Haji hakukimbia. Mwaka wa 1892 aliitoa nyumba ya ghorofa Bagamoyo iwe skuli, akashurutisha ipokee watoto wa kila taifa na kila dini. Kisha akatoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa wenyeji, na kazi ikaanza mwaka wa 1893.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Serikali ya Wadachi nayo ilijenga hospitali yake ufukweni Dar es Salaam, ile iitwayo Ocean Road, ikaisha mwaka wa 1897, nayo ilikuwa ya Wazungu. Hospitali ya Wazungu ilijengwa kwa mali ya serikali. Hospitali ya watu weusi ilijengwa kwa mali ya Mhindi mwuza nguo. Ushuru wa pembe na wa forodha ulitolewa na watu wote, na watu weusi ndio waliokuwa wengi katika kuubeba, lakini ulipofika katika matumizi ya afya ulikata kona. Mwenye kutaka kuifahamu serikali yoyote, asiulize imekusanya kiasi gani tu. Na aulize pia kitanda cha nani kimenunuliwa kwanza.

Sewa Haji alifariki tarehe 10 Februari 1897, umri wake miaka arobaini na mitano au sita kwa hesabu ya Kizungu. Na jambo lililonifanya nimwandike nimelikuta katika wasiya wake. Wafadhili wengi hutoa jengo, jina lao likachongwa juu ya mlango, wakaenda zao. Yeye aliacha na nyumba zake za Bagamoyo na Dar es Salaam, akazikabidhi kwa serikali, ili kodi yake iwe ya wagonjwa, wenye ukoma na maskini, bila kutazama kabila zao. Mfanyabiashara huyu alijua ambalo mjenzi halijui: matofali hulipwa mara moja, na uji wa mgonjwa hulipwa kila asubuhi. Mgonjwa atakula leo na kesho, kitambaa cha kidonda kitabadilishwa leo na kesho, na dawa ikiisha kabatini jengo lile huwa ni nyumba tupu yenye vitanda. Matumizi yasiyokoma hutaka pato lisilokoma.

Na hili ndilo wanavyuoni wetu wa Kishafii walilolieleza katika mlango wa wakfu. Wamesema kitu cha wakfu ni kile kinachotumika na asili yake ikabaki, kama shamba, kisima na nyumba. Ndiyo maana kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba dinari na dirhamu haziwi wakfu, kwani huwezi kunufaika nazo mpaka zikutoke mkononi. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka wa 1284 aliifungia maduka, mahamamu na nyumba za kupangisha, na kwa pato lile wagonjwa wakatibiwa na kulishwa bila kuulizwa fedha. Sijui kama Sewa Haji aliwahi kusikia jina la Qalawun. Njia waliyopita ni moja.

Lakini palikuwa na ufa. Wakfu huwekewa mutawalli mwaminifu, na pato lake huanza kutumika kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wapewe wanaostahiki. Yeye alivikabidhi vyote kwa serikali, na serikali ni kitu kinachoondoka. Mwaka wa 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na baada ya vita rupia nazo zikaondoka, zikaja shilingi. Hospitali ya Sewa Haji ikabaki hospitali ya Waafrika, na Ocean Road ikabaki ya Wazungu, kama kwamba vita havikupiganwa. Mji ukakua, wagonjwa wakazidi nafasi. Mwaka wa 1956 ikafunguliwa hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ndiyo Muhimbili, na mwaka wa 1959 jengo la Sewa Haji likabomolewa. Jina lake likahamishiwa kwenye wodi. Nyumba za kodi hazikuhama pamoja na jina.

Baada ya uhuru matibabu ya serikali yalikuwa bure, na wengi wetu tulizaliwa katika bure ile. Lakini bure haina maana kwamba hapana aliyelipa. Aliyelipa ni hazina, na hazina ilipoishiwa makabati yakabaki matupu. Mwaka wa 1993 ikaanzishwa kuchangia gharama. Mwaka wa 1996 mfuko wa afya wa jamii ukaanza kujaribiwa Igunga, si mbali na hapa nilipo. Mwaka wa 2001 ikaanza bima ya watumishi wa serikali, na mwaka wa 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Haya yote ni mazuri kwa mwenye cha kuchangia. Kwa fakiri imewekwa kanuni ya msamaha, na hapo ndipo nimjuapo Sewa Haji kuwa alikuwa hodari wa hesabu. Msamaha wa karatasi haununui dawa. Akisamehewa mmoja asilipe, sindano ile lazima ilipwe na mwingine, na kama huyo mwingine hakutengwa tangu mwanzo, mwenye msamaha ataambiwa dawa zimekwisha, aende akanunue dukani.

Nimeyaona kwa macho yangu. Katika kijiji kimoja cha huku, ambacho sikitaji, iko zahanati iliyojengwa kwa sadaka, bati zake zang'aa, na mlango wake una kufuli. Aliyejenga alichinja ng'ombe siku ya kufungua, watu wakala wakamwombea dua. Mwanamke mmoja wa jirani, siku zake za kujifungua zilipofika, alipitishwa mbele ya mlango ule juu ya baiskeli, akapelekwa mjini.

Basi yule mchimba dhahabu aliposikia habari hizi alikaa muda mrefu akivuta tasbihi. Kisha akauliza kama dhahabu yenyewe aweza kuiweka wakfu, nikamjibu kwa kauli ya madhehebu niliyoitaja: dhahabu aiuze, anunue kitu kibakicho. Nikamkumbusha pia kuwa shimo la dhahabu lina mwisho, nalo si kama shamba la minazi. Amepunguza ramani ya zahanati, vyumba vinane vimekuwa vitatu, na kwa kilichobaki amenunua maduka mawili ya kupangisha, ambayo kodi yake kwa hesabu tuliyoifanya pamoja yatosha dawa na mshahara wa muuguzi mmoja. Juu ya mutawalli bado twashindana. Yeye ataka awe ndugu yake. Mimi nataka wawe watu watatu, mmoja wao asiwe wa ukoo, na hati iandikwe mbele ya mwanasheria ili maduka yasije yakaingia katika mirathi. Ameniahidi kurudi baada ya mvua za masika, na hati bado haijaandikwa.