Michel Petrucciani, mpiga piano wa mifupa ya kioo, diski zake zinarudi

Zaidi ya miaka 25 baada ya kifo chake, diski za Mfaransa Michel Petrucciani zinaendelea kutoka. Mwaka 2022 ilitolewa Solo in Denmark, konseri aliyopiga peke yake huko Denmark mwaka 1990. Mwaka 2023 ikafuata nyingine, yenye nyimbo zilizorekodiwa kwenye tamasha la Montreux, inchini Uswisi. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipofariki wanamsikia leo kwa mara ya kwanza. Wengi wao hawajui kwamba mtu huyo hakufikia urefu wa metre moja.

Petrucciani alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1962 katika mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa, katika jamaa lenye asili ya Italia. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi ambao Wafaransa wanauita ugonjwa wa mifupa ya kioo. Mifupa inavunjika kwa jambo dogo tu, na mwili haukui. Katika utoto wake alivunjika mara nyingi sana. Watoto wengine walipokuwa wanakimbia inje, yeye alikuwa kitandani akisikiliza muziki.

Na muziki haukukosa nyumbani. Baba yake, Tony, alikuwa mpiga gitari wa jazi. Ndugu yake Philippe naye alishika gitari, na Louis akashika besi. Michel alikuwa na miaka minne hivi alipomuona Duke Ellington kwenye televisheni, akaomba piano. Wazazi wakamnunulia ya kuchezea watoto. Mtoto akaivunja kwa nyundo, maana alitaka ya kweli, na ndipo wakamtafutia piano ya kweli.

Miguu yake haikufika kwenye pedali. Baba yake akatengeneza kifaa maalum cha kuzirefusha ili mtoto aweze kuzikanyaga. Mikono yake, kwa bahati, ilikuwa na urefu unaotosha na nguvu nyingi. Alisoma muziki wa klasiki kwa miaka kadhaa, lakini moyo wake ulibaki kwenye jazi. Akiwa na miaka 13 tu, alipanda jukwaani kwenye tamasha la Cliousclat pamoja na mpiga tarumbeta Mmarekani Clark Terry.

Safari ya Marekani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya kurekodi diski zake za kwanza Ufaransa, alienda Marekani. Huko California alikutana na Charles Lloyd, mpiga saksofoni mwenye jina kubwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameacha majukwaa. Lloyd alipomsikia kijana huyo, aliamua kurudi kazini ili amtambulishe kwa watu. Mwaka 1982 walipiga pamoja huko Montreux, na tangu hapo milango ikafunguka.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa tayari anarekodi peke yake. Oracle's Destiny ilirekodiwa mwaka 1982, na 100 Hearts ikatoka baada yake. Kupiga peke yake ni mtihani mkubwa kwa mpiga jazi. Hakuna ngoma ya kushika mwendo, hakuna besi ya kubeba chini. Mkono wa kushoto unafanya kazi hizo zote, wakati ule wa kuume unaimba. Petrucciani alipiga kila noti kwa nguvu na kwa usafi, na kasi yake iliwashangaza hata wapiga piano wenzake.

Katikati ya miaka ya 1980 aliingia Blue Note, nyumba ya diski ya New York inayoheshimiwa sana katika jazi. Huko hakuogopa kubadilika. Katika diski ya Music ya mwaka 1989, na Playground iliyofuata, aliweka sentetiza kando ya piano, zikipigwa na Adam Holzman, aliyewahi kufanya kazi na Miles Davis. Wimbo wake Looking Up, unaopendwa sana hadi leo, ulitoka katika Music. Kisha akarudi kwenye piano tupu: mwaka 1993 alitoa Promenade with Duke, diski ya kumheshimu Ellington, yule aliyemuona akiwa mtoto.

Alijua muda ni mfupi

Watu walimbeba mikononi hadi kwenye kiti. Mara nyingine alipiga huku anaumia. Hata hivyo hakupenda kuhurumiwa; alipenda kucheka, kula vizuri na kukesha na marafiki. Alijua kwamba wenye ugonjwa wake wengi hawafiki uzee, kwa hiyo hakuweka akiba ya nguvu.

Mwezi wa kumi na moja 1994, katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées huko Paris, alifungua konseri kwa kuunganisha nyimbo anazozipenda kwa karibu dakika 40 bila kusimama. Mwaka huo huo, taifa la Ufaransa lilimpa nishani ya Légion d'honneur. Mwaka 1997 alirekodi konseri nyingine ya peke yake huko Frankfurt, Ujerumani, na akapiga pia mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili mjini Bologna, Italia.

Lakini safari nyingi zilimchosha. Tarehe 6 mwezi wa kwanza 1999, ugonjwa wa mapafu ulimuua katika hospitali ya New York. Alikuwa na miaka 36.

Mwili wake ulirudishwa Paris na kuzikwa kwenye makaburi ya Père-Lachaise, karibu na kaburi la Chopin, mpiga piano mwingine aliyekufa kijana, akiwa na miaka 39. Leo Paris ina uwanja wenye jina la Petrucciani. Na katika diski zinazotoka upya, anayesikiliza haoni kimo wala magongo. Anasikia mikono tu.