Spafford: Mfiwa aliyewaachia waombolezaji wimbo

KATIKA matanga mengi ninayohudhuria, wimbo wa Salama Rohoni haukosi kuimbwa. Nashuku ni wachache wanaojua kwamba mtunzi wake alipoteza mabinti wanne kwa mkupuo mmoja.

Horatio Spafford alizaliwa 1828 katika jimbo la New York, Marekani. Alikuwa wakili mjini Chicago na rafiki wa mhubiri Dwight Moody. Moto mkubwa ulioteketeza jiji hilo 1871 ulimharibia mali nyingi.

Novemba 1873, mkewe Anna na watoto waliabiri meli ya Ville du Havre kuelekea Ulaya. Spafford alibaki kushughulikia biashara, akinuia kuwafuata.

Usiku wa Novemba 22, meli hiyo iligongana na nyingine, Loch Earn, katika bahari ya Atlantiki. Ilizama kwa dakika 12 hivi na watu 226 wakaangamia.

Annie, Maggie, Bessie na Tanetta walikufa maji. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 11, kitindamimba miwili. Anna aliokolewa. Alipofika Cardiff alimpelekea mumewe telegramu kumjulisha kuwa amenusurika peke yake.

Spafford alivuka bahari hiyo hiyo kumfuata mkewe. Wimbo uliotokana na msiba huo ulitiwa muziki na Philip Bliss na kuchapishwa 1876. Desemba mwaka huo, Bliss naye akafariki katika ajali ya treni jimboni Ohio.

Mnamo 1880, mwana wa kiume wa akina Spafford pia alifariki. Baadhi ya waumini wenzao walidai Mungu alikuwa akiwaadhibu. Mwaka uliofuata walihamia Jerusalem, wakawahudumia maskini bila kujali dini. Spafford alifia huko 1888 kwa malaria.

Yale madai ndiyo yanayonikera, kwa sababu hata leo tunayarudia. Basi likibingirika, hatukosi mtu wa kumweleza mama aliyefiwa sababu za Mungu. Yesu alipoelezwa kuhusu waliofia ghafla, alikana kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Kwenye kaburi la Lazaro, alilia.

Wewe uliyefiwa, hulazimiki kujua sababu. Spafford hakuijua, wala wimbo wake hauitaji. Unasema tu roho yaweza kushikwa na Mungu hata mawimbi yakichafuka.

Nasi majirani, tukae na mfiwa, tuchote maji, tupike, tunyamaze.