Usiku Mmoja Munyonyo: Karoli Lwanga Alijiandaa Lini?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka tumtazame mtu ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: Mtakatifu Karoli Lwanga. Parokia, shule na kwaya nyingi zinaitwa kwa jina lake. Ila kabla sijaanza habari zake, naomba nikiri jambo langu moja, maana ndilo lililonifanya nizisome upya.

Mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa, na mtaani watu walishaanza kuniita Frateri kwa heshima kubwa kuliko ninayostahili. Usiku mmoja, kama saa saba hivi, mlango ukagongwa. Jirani yetu alikuwa amejifungua nyumbani kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida, na gari la kuwapeleka hospitali lilikuwa bado linatafutwa. Bibi wa mtoto ndiye aliyekuja, akaniomba nikambatize mjukuu wake.

Ndugu zangu, niliganda. Nilijua kabisa kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi amwage maji, atamke maneno ya Ubatizo na awe na nia ya kutenda kile ambacho Kanisa hutenda. Ningeulizwa darasani ningejibu vizuri tu. Lakini usiku ule nilishika simu nimpigie paroko, hakupatikana. Nikapiga tena. Nikarudi chumbani kutafuta kitabu cha sala. Nilipofika kwa jirani na kitabu changu mkononi, mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza vitumbua, alikuwa ameshachota maji kwenye kikombe cha plastiki na kumbatiza mtoto. Watu walikuwa wamepiga magoti wanasali. Mtoto yule alifariki njiani, kabla hawajafika hospitali.

Hakuna aliyenilaumu. Ila mimi nilijua. Siku chache baadaye nilimuuliza yule mama alijuaje la kufanya bila hata kusita. Akaniambia alifundishwa na katekista akiwa binti, na tangu hapo huwa anayarudia yale maneno jioni pamoja na sala zake, asije akayasahau. Miaka yote hiyo! Na alikuja kuyahitaji mara moja tu, tena usiku wa manane.

Basi, nikarudi kwa Karoli Lwanga, kwa sababu naye anakumbukwa kwa kazi kama hiyohiyo, aliyoifanya usiku mmoja bila padre kuwepo.

Lwanga alizaliwa Buganda yapata mwaka 1860. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Wa kwanza walikuwa Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans. Hawakuwa na haraka ya kubatiza. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alitaka wakatekumeni wafundishwe na kupimwa kwa miaka minne. Mwishoni mwa mwaka 1882, hali ilipokuwa mbaya ikulu, mapadre waliondoka. Walivuka ziwa wakaenda kukaa Bukumbi, upande wa Mwanza, kwetu huku. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885.

Hebu fikiria. Waamini wachache waliokwisha kubatizwa wamebaki karibu miaka mitatu bila Misa, bila kitubio, bila padre hata mmoja. Wangeweza kusema tusubiri kwanza mapadre warudi. Hawakusema hivyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa na cheo kikubwa ikulu, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao waliendelea kusali na kufundisha wengine. Walikuwa walei, Wakristo wapya kabisa. Lwanga alipoingia kwenye utumishi wa ikulu mwaka 1884, wakati Kabaka Mwanga anashika ufalme baada ya baba yake Mutesa, aliikuta imani hai mikononi mwa watu kama hao.

Kazi ya Lwanga ilikuwa kuwasimamia vijana watumishi wa ikulu. Inasimuliwa kwamba alikuwa na nguvu na hodari wa mieleka, na kwamba vijana walimpenda. Tusiipite kazi hiyo haraka. Ilikuwa kazi ya kila siku: kuwapanga vijana, kuwatuma, kuwaonya, kujua nani yuko wapi. Na kulikuwa na hatari. Kabaka alikuwa na tabia ya kuwataka vijana hao kwa uchafu, na Lwanga, kama Balikuddembe aliyekuwa juu yake, aliwalinda. Alikuwa akitafuta namna ya kuwaweka mbali, hasa wadogo kama Kizito, aliyekuwa na miaka kama 14 hivi. Hayo hayakuwa mambo ya kupigiwa makofi. Ilibidi awe macho leo, na kesho tena, na keshokutwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1885 askofu Mwanglikana, James Hannington, aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alimkemea mfalme kwa kitendo hicho. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa. Lwanga alimpoteza kiongozi wake, na mzigo wa kuwalinda vijana ukamwangukia yeye.

Alifanya nini? Siku ileile alikwenda kwa mapadre na baadhi ya wenzake, wakaomba wabatizwe. Wakabatizwa. Labda utasema ni hofu iliyomkimbiza. Mimi naona tofauti. Mwenye hofu angekaa mbali na misheni siku ambayo Mkristo ameuawa kwa ajili ya imani yake. Lwanga alikuwa ameshafundishwa, ameshapimwa na maisha ya ikulu. Wito ulipokuja ghafla, haukumkuta anaanza kutafuta kitabu.

Ikapita miezi sita. Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alikuwa kwenye makazi yake ya Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, na vijana wake hakuwakuta. Hasira ikawaka alipojua kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa anamfundisha dini mwenzake. Akampiga kwa mkuki, na Denis akamaliziwa kesho yake. Malango ya makazi yakafungwa. Kila mtu mle ndani alijua asubuhi kutakuwa na hukumu.

Vijana kadhaa walikuwa bado wakatekumeni: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira, Mugagga. Padre hakuwepo, na hakukuwa na njia ya kumwita. Usiku ule Karoli Lwanga aliwabatiza yeye mwenyewe.

Naomba usimame hapo kidogo kama nilivyosimama mimi. Mtu aliyebatiza usiku ule, Ubatizo wake mwenyewe ulikuwa na miezi sita tu. Hakuwa padre wala frateri. Hakuwa amesoma falsafa. Alikuwa kijana wa miaka kama 25, kiongozi wa vijana wenzake, na yeye pia alijua kwamba asubuhi anaweza kufa. Lakini alijua cha kufanya na akakifanya.

Asubuhi ya tarehe 26 Kabaka aliwaita, akaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Lwanga alikuwa mbele, wengine wakamfuata, na Kizito naye. Padre Lourdel alikuwa amekuja kuwaombea, lakini hakuruhusiwa kumwona mfalme. Aliwaona tu wakipitishwa wamefungwa kamba. Wakapelekwa kwa miguu hadi Namugongo, na wengine waliuawa njiani. Huko walikaa kifungoni karibu wiki nzima, wakati kuni zinakusanywa. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndugu wa Mbaga Tuzinde, na familia ilimsihi sana kijana akubali kuikana imani aokoke. Mbaga alikataa.

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa moto peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Kisha wengine wakachomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana, kwa imani ya Kristo mmoja. Wafiadini Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Karoli Lwanga alikuwa ameshatangazwa na Papa Pio XI, mwaka 1934, kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Ndiye msimamizi wako na wangu.

Sasa tujibu swali. Lwanga alijiandaa lini?

Zamani nilidhani wafiadini walipewa ujasiri palepale, kama mtu anayewashiwa taa gizani. Ni kweli neema ni ya Mungu, hakuna anayeistahimili siku kama ile kwa nguvu zake. Lakini ukifuata maisha ya Lwanga kuanzia mwanzo, unaona kwamba alikuwa akiipokea neema hiyo kidogokidogo kwa muda mrefu. Aliipokea kwenye mafundisho aliyoyapata kwa walei wenzake, na kila alipomficha Kizito, na kila alipotimiza wajibu wake pasipo mtu wa kumsifu. Haba na haba hujaza kibaba. Usiku wa Munyonyo kibaba kilikuwa kimejaa.

Ndiyo maana Bwana alitusimulia mfano wa wanawali kumi. Wote kumi walisinzia, hata wale wenye busara. Tofauti yao ilikuwa mafuta, na mafuta yale yalinunuliwa mchana, wakati hakuna aliyekuwa anaharakisha. Usiku hayakuweza kuazimwa. Mimi usiku ule nilijaribu kuazima mafuta: kwa simu ya paroko, kwa kitabu cha sala. Sikosoi simu wala kitabu. Ila nilikuwa nimejaza kichwa, moyo na mdomo sikuvizoesha.

Na wito wa ghafla si kifo tu, kijana mwenzangu. Unaweza kuja kwenye bodaboda, dereva akakuuliza kwa nini bado unaamini Mungu. Unaweza kuja kwa meseji ya rafiki usiku anayesema amechoka kuishi. Unaweza kuja ofisini, ukaambiwa saini hapa, kila mtu anasaini. Hutapewa wiki ya mafungo kwanza ili ujiandae. Utajibu kwa kile ulichonacho siku hiyo.

Kwa hiyo nakushirikisha mambo matatu ambayo nimeyaanza mimi mwenyewe, na bado najikwaa.

Kwanza, usiahirishe kitubio. Lwanga hakusema atabatizwa mambo yakitulia. Kama kuna jambo limekaa moyoni miezi mingi, Jumamosi hii nenda.

Pili, jifunze kwa moyo. Sala ya kutubu, namna ya kubatiza penye hatari ya kufa, namna ya kusali na mgonjwa. Muulize katekista wako, atafurahi. Kisha uyarudie, hata ukiwa unaosha vyombo.

Tatu, mtunze mdogo mmoja. Lwanga alikuwa na Kizito wake. Wewe una nani? Mdogo wako, mtoto wa jirani, mwanakwaya mpya. Ukizoea kubeba imani ya mtu mwingine siku za kawaida, hutaitupa siku ngumu.

Mimi likizo hii narudi nyumbani tena. Nitakwenda kumsalimu yule mama, na nitanunua vitumbua vyake. Tena nitamwomba anisikilize nikiyasema yale maneno bila kitabu.

Tusali: Ee Mungu Baba, ulimpa Mtakatifu Karoli Lwanga moyo ulio tayari. Utujalie nasi kukusikia katika kazi ndogo za leo, ili utakapotuita ghafla utukute macho. Uwapokee kwako watoto wote waliokufa kabla ya kuona jua, na uwafariji mama zao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.