Louis Leakey (1903–1972): Maji, Chakula na Utafiti Olduvai

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, tarehe 7 Agosti 1903, akiwa mtoto wa wamisionari Waingereza, na alikua akisema Kikuyu kama lugha yake. Baada ya masomo ya Cambridge alijitosa katika akiolojia. Mwaka 1931 aliongoza msafara wake wa kwanza hadi Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, akiwa pamoja na Mjerumani Hans Reck, aliyekwisha kuchimba huko mwaka 1913. Jina la korongo hilo latokana na neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge-pori, mmea wa nchi kame. Ukame huo ndio uliotawala kazi yake.

Mwaka 1935 Leakey alikuwa huko na Mary Nicol, ambaye alikuja kuwa mkewe mwaka 1936. Maji yalipoadimika, kambi ilitegemea dimbwi lililochafuliwa na vifaru, hata chai, kahawa na supu zikawa na ladha ya mkojo wao. Akiba ya chakula nayo ilipopungua, walikula wali, samaki wa kopo na jamu.

Dhiki hiyo haikuwa jambo la pembeni. Fedha zilikuwa haba, na kila pipa la maji lililetwa kutoka mbali. Kwa hiyo misimu ya uchimbaji ilikuwa mifupi. Kwa miaka 28 zilipatikana zana nyingi za mawe, lakini mabaki ya waliozitengeneza yalikuwa machache mno. Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa amelala kambini kwa maradhi, Mary alitoka na mbwa wake, ambao walikuwa faraja yake kambini na walinzi wake dhidi ya nyoka na simba, akaliona fuvu. Leakey aliliita Zinjanthropus boisei. Sehemu ya kwanza ilitokana na Zinj, jina la kale la Waarabu kwa Afrika ya Mashariki. Ya pili ilimtukuza mfadhili wao, Charles Boise.

Ufadhili wa National Geographic Society uliofuata uliwezesha kambi kudumu muda mrefu zaidi, wafanyakazi kuongezwa, na mabaki ya Homo habilis kupatikana, spishi iliyotangazwa mwaka 1964. Katika miongo yote hiyo Leakey alimtegemea Heselon Mukiri, msaidizi wake mkuu, aliyeshiriki taabu zilezile bila kupata umaarufu uleule.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Maisha yake yabainisha kwamba ujuzi wa chimbuko la binadamu ulitegemea akili ya mtafiti, na pia maji ya kumwezesha kubaki kazini siku moja zaidi.