Edward Steere: Askofu aliyekipiga chapa Kiswahili cha Unguja

MKAZI wa Loresho, magharibi mwa jiji la Nairobi, anaweza leo kupanga kitabu kizima cha Kiswahili kwenye kompyuta akiwa sebuleni, kisha akakituma kwa mpiga chapa wa katikati ya jiji bila kuchafua kidole kwa wino. Hata hivyo, Kiswahili anachokiandika, pamoja na herufi anazozitumia, vilipata nguvu zake kisiwani Unguja katika karne ya 19, pale ambapo vijana waliookolewa utumwani walipanga maneno herufi moja baada ya nyingine. Aliyewafunza kazi hiyo ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mnamo Mei 4, 1828. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London hadi kutunukiwa shahada ya udaktari, na mwaka 1850 akapata idhini ya kuwa wakili. Lakini mahakama hazikumvutia. Mwaka 1856 aliingia katika utumishi wa kanisa la Kianglikana, na baadaye akawa kasisi wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire.

Rafiki yake, William Tozer, alipoteuliwa kuwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu katika Afrika ya Kati, Steere aliandamana naye. Jaribio lao la kuweka makao katika eneo la mto Zambezi halikufaulu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Huko, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotwaliwa kutoka jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni.

Miongoni mwa vifaa vya misheni ulikuwamo mtambo wa kupigia chapa. Kazi yake ilihitaji subira. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini chenye sura iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Mpangaji aliokota vipande hivyo kwa vidole, akavipanga mstari kwa mstari, vikafungwa ndani ya fremu na kupakwa wino kabla ya karatasi kukandamizwa juu yake. Herufi moja ikikosewa, kazi ilirudiwa. Vijana ambao miezi michache awali walihesabiwa kuwa bidhaa sasa walishika maneno mikononi mwao.

Ufundi huo mgeni usingefaa kitu kama Steere hangeketi kwanza kuwasikiliza wenyeji. Aliwategemea wazungumzaji wa Unguja, akiwamo kijana hodari Hamisi wa Kayi, wamweleze lugha yao. Aliandika hadithi jinsi zilivyotoka vinywani mwa wasimulizi, ikiwamo ile ya punda wa dobi. Mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitolewa London: mwongozo wa sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili. Kwa njia hiyo, sanaa ya kale ya kusimulia iliunganishwa na chombo kipya, na kila kimoja kikakitegemea kingine.

Tozer alijiuzulu kwa sababu ya maradhi, na mwaka 1874 Steere akatawazwa kuwa askofu. Mwaka mmoja kabla yake, Sultani Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa katika uwanja wa soko la Mkunazini siku ya Krismasi ya 1873. Steere alisimamia ujenzi wake hadi lilipofunguliwa Krismasi ya 1879. Katikati ya shughuli hizo aliendelea kutafsiri Agano Jipya.

Mafanikio hayo, lakini, yalikuwa na gharama. Kwa karne nyingi Waswahili walikuwa wameandika kwa herufi za Kiarabu, na Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni ushahidi. Steere aliona kwamba herufi hizo hazitoshi kuonyesha sauti zote za Kiswahili, akachagua za Kirumi. Vivyo hivyo, Ludwig Krapf alikuwa amejikita Mombasa tangu 1844, lakini kamusi yake ilitoka mwaka 1882, wakati Kiunguja tayari kilikuwa na vitabu na mtambo wa kuvichapa. Washairi wa Mvita na Lamu hawakuwa wamekosa lugha bora, walikosa chapa.

Steere alifariki Unguja mnamo Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, na akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mwaka 1888 misheni yake ilianza kuchapisha Msimulizi, mojawapo ya majarida ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Kongamano la Mombasa la 1928 lilipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lilikuwa likithibitisha jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelitanguliza kwa zaidi ya nusu karne.

Zana za uchapishaji zimebadilika tena. Herufi za Kiarabu, na lahaja zilizosahauliwa na mtambo wa Unguja, sasa zinaweza kuandikwa kwa kompyuta bila taabu. Zinachongojea ni watu watakaoketi na wasimulizi na kuwasikiliza, kama Steere alivyoketi na Hamisi wa Kayi.