Allan Pinkerton, Fundi wa Mapipa

Katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, alizaliwa mwaka 1819 mtoto mwanamume, akaitwa Allan Pinkerton. Baba yake alikufa Allan angali mdogo, naye ikampasa kuacha shule na kutafuta chakula. Akajifunza kazi ya kutengeneza mapipa hata akawa fundi hodari. Siku zile watu maskini wa Uingereza hawakuwa na ruhusa ya kuchagua wajumbe wa Baraza kuu la nchi, na Allan alikuwa miongoni mwa vijana walioidai haki hiyo. Mwaka 1842 akaoa, akapanda merikebu pamoja na mkewe kwenda ng'ambo.

Wakakaa katika kijiji cha Dundee, jimbo la Illinois, Marekani, kando ya mto Fox. Hapo akafungua karakana ya mapipa, na kazi ikamwendea vema. Hakuwa na nia ya kazi nyingine yo yote. Hata siku moja, yapata mwaka 1847, alivuka kwenda kisiwa kidogo mtoni kukata fito za kufungia mapipa yake, maana fito za kununua ni ghali. Huko akaona majivu ya moto. Mtu mwingine angalikata fito zake akaenda zake. Allan alisimama akayatazama majivu yale, akataka kujua ni nani awashaye moto mahali pasipo na mtu. Akarudi usiku kuvizia, kisha akaja na mkuu wa polisi wa wilaya, na genge la watu waliofanya fedha za bandia likakamatwa.

Mwaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini zamani zile kila benki ya Marekani ilipiga chapa noti zake yenyewe, na mwenye duka hakuweza kuzijua zote. Noti moja ya uongo ilimpotezea bidhaa zake bure. Kwa hiyo wenye maduka wakamwomba Allan amtege mdanganyifu mwingine, akamtega naye. Tangu hapo akapewa kazi ya polisi, akahamia Chicago, na yapata mwaka 1850 akafungua ofisi yake mwenyewe ya upelelezi. Alama yake ilikuwa jicho lililo wazi. Aliwakataza watu wake kupokea zawadi za kukamata wezi, wala hakukubali kuchunguza mambo ya mume na mke wanaotaka kuachana.

Mwaka 1856 akaja mwanamke mjane, jina lake Kate Warne, kuomba kazi. Pinkerton alidhani ataka ukarani. La, alitaka upelelezi. Akamweleza kwamba wanawake husikia siri ambazo mwanamume hawezi kuzisikia. Pinkerton akafikiri, kisha akamwandika. Haikuchukua muda mrefu, kampuni moja ya kusafirisha vifurushi ikaibiwa fedha nyingi huko Montgomery. Kate akafanya urafiki na mke wa mwizi, hata yule mke akaonyesha zilipofichwa, na dola zaidi ya 39,000 zikarudi kwa wenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1861 Abraham Lincoln alikuwa safarini kwenda Washington kutawazwa kuwa Rais. Pinkerton akapata habari kwamba watu wa Baltimore wamekula njama kumwua. Basi Lincoln akapitishwa mjini usiku, kofia imeshushwa, na Kate akijifanya dada wa mgonjwa. Alfajiri ya tarehe 23 Februari akafika salama. Wenye kuandika historia wangali wakibishana kama njama ile ilikuwa kubwa kama Pinkerton alivyoamini. Nami naona shaka yao ina sababu, kwa kuwa katika vita vilivyofuata alitumwa kuhesabu askari wa adui, akawahesabu kupita kiasi, hata jemadari wake akaogopa kusonga mbele.

Nyumba yake Pinkerton iliwaficha watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Hiyo ni sifa yake isiyopingwa. Lakini lipo jambo jingine, nalo ni zito. Mwaka 1873 tajiri mmoja wa reli na makaa ya mawe huko Pennsylvania alimlipa apeleleze chama cha siri miongoni mwa wachimbaji. Yeye aliyedai haki za maskini ujanani akamtuma James McParland, aliyekaa kati yao kwa jina la uongo zaidi ya miaka miwili, akila na kunywa nao. Kwa ushahidi wake na wa wengine, watu 20 wakanyongwa kati ya 1877 na 1879.

Pinkerton alikufa Chicago mwaka 1884, na wanawe wawili wakashika kazi yake. Mmoja wa wale walionyongwa, John Kehoe, alisamehewa na serikali ya Pennsylvania mwaka 1979, yapata miaka 100 baada ya kufa kwake.