Lavoisier na Istilahi Iliyokosea Ikadumu

Antoine Lavoisier alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulielekea kwenye sayansi. Mnamo 1768 alinunua hisa katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Faida yake iligharimia maabara. Hisa hizo hizo ndizo zilizokuja kumwangamiza. Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, aliyejifunza Kiingereza ili amtafsirie maandishi ya wanakemia wa Uingereza.

Lavoisier alichoma salfa na fosforasi, akapima kwa mizani na kubaini kwamba huongezeka uzito kwa kutwaa sehemu ya hewa. Mazao ya uchomaji huo yalipotiwa majini yalitoa asidi. Akahitimisha kwamba sehemu hiyo, ambayo Joseph Priestley na Carl Scheele walikuwa wameshaitenga, ndiyo chimbuko la asidi zote. Akaiundia jina kutokana na mizizi miwili ya Kigiriki: mmoja wenye maana ya ukali, mwingine ya kuzaa. Oksijeni, basi, ni kizaa-ukali.

Mnamo 1787, yeye pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walichapisha utaratibu wa kuunda istilahi za kemia. Majina ya kale kama mafuta ya vitrioli, yasiyodokeza chochote kuhusu muundo wa kitu, yaliwekwa kando. Kila asidi ilipewa jina la kitu kilichoizaa, na viambishi tamati vikabainisha wingi au uchache wa oksijeni ndani yake. Mofolojia ikawa chombo cha maabara.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakumsaza. Tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa pamoja na wakusanyaji kodi wenzake, akiwemo baba mkwe wake.

Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba asidi ya hidrokloriki ina hidrojeni na klorini pekee, oksijeni haimo. Nadharia ikaporomoka, jina likabaki. Kijerumani kilikuwa kimetafsiri maana yake, hivyo hadi leo neno lake la oksijeni hutaja uchachu waziwazi. Kiswahili kilitohoa umbo tu, na kosa likafichika ndani ya sauti. Kwa mwanaistilahi, maisha ya Lavoisier ni funzo: tafsiri huirithi nadharia ya mwasisi pamoja na dosari zake, ilhali utohozi huipokea istilahi bila kuihoji.